Jinsi ya kutambua na kutumia viunganishi

Kiunganishi ni neno linalounga neno na neno, kirai (kikundi cha maneno kisicho na kiima na kitenzi chake) na kirai, au kishazi (kikundi chenye kitenzi) na kishazi. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia binti wa jirani yangu hapa Kirumba, Mwanza, aliyekuwa akipigia mstari kila "na" aliyoikuta katika zoezi lake. Chukua penseli na sentensi za watu wa mwaloni, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inaposhusha samaki, ambazo naziona bora kuliko za kubuni, kwa kuwa maana yake haikupi shida.

Hatua ya 1. Pigia mstari "lakini", "au", "kwa sababu", "ingawa" na "ili". Hivi havisumbui.

Hatua ya 2. Chambua kila "na", wala usiharakishe. Katika "Mvuvi na mchuuzi wanapatana bei", nomino mbili zina hadhi moja, ukizibadilisha nafasi maana inabaki ileile, na kitenzi kimebeba wingi. Hicho ni kiunganishi. Katika "Sangara amenunuliwa na mchuuzi", "na" inamtaja mtenda baada ya kauli ya kutendwa, kwa hiyo ni kihusishi, yaani neno linaloonyesha uhusiano wa neno moja na lingine. Katika "Mvuvi ana nyavu" ni sehemu ya kitenzi cha kumiliki, na katika "wanavua" ni mofimu ya njeo, yaani kipande cha neno kinachoonyesha wakati. Kinachowapotosha wengi ni sentensi kama "Nahodha alivuka na mkewe kwenda Ukerewe". Umoja wa "alivuka" unaonyesha kwamba kiima, yaani anayezungumziwa, ni nahodha peke yake, hivyo "na mkewe" ni kirai kihusishi. Ukiandika "Nahodha na mkewe walivuka", "na" inakuwa kiunganishi. Kipimo hiki hakitetereki hata neno likifupishwa: "mimi naye tulivuka" ina kiunganishi, ilhali "nilivuka naye" haina. Ndiyo maana naupendelea upatanisho wa kiima na kitenzi kuliko orodha za kukariri, ambazo humpa mwanafunzi neno bila kumwonyesha kazi yake.

Hatua ya 3. Tenga viunganishi huru, vinavyounga sehemu zenye hadhi sawa, na viunganishi tegemezi, vinavyotanguliza kishazi tegemezi, kisichojitosheleza kimaana, kama "ingawa".

Hatua ya 4. Kagua matumizi. "Bali" hufuata ukanushi: "Dagaa hawa hawakukaangwa, bali walianikwa." Kitenzi chenye kiima baada ya "ili" huishia na -e kikiwa na asili ya Kibantu: "Wavuvi huwasha taa usiku ili dagaa wasogee." Ukianza na "ingawa", usiongeze "lakini" katikati. Mwisho, futa "na" inayotangulia kitenzi chenye -ka- ya masimulizi, kwa kuwa -ka- yenyewe imekwisha kuunga matukio: "Upepo ulivuma, mtumbwi ukayumba."