Rimoti ya gari imegoma? Anzia hapa kabla hujaita fundi

Jamani wenye gari za pushi stati (zile za kuwasha kwa kubonyeza batani), mlango ukigoma kufunguka usikimbilie kununua ufunguo mpya, mimi nilibaki kidogo nitoe hela ndefu kumbe shida ni kibetri tu. Naongelea zaidi hizi Toyota zetu za kutoka Japani, ndo ninazozijua.

Kwanza kabisa tafuta ufunguo wa akiba. Ule ukifungua basi gari haina neno, ugonjwa uko kwenye rimoti. Zikigoma zote mbili geukia gari yenyewe, mara nyingi betri kubwa imelala, utaona hata taa ya ndani haiwaki, hapo ni kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari nyingine.

Betri ya rimoti ni ile bapa kama sarafu, volti 3. Soma namba ya ile ya zamani kabla hujaenda dukani, usikisie, maana CR2032 ina upana wa milimita 20 na CR1632 ina 16, haziingiliani. Halafu kuna watu wanapima rimoti kwa kamera ya simu, hiyo ni kwa rimoti za tivii zinazotoa mwanga usioonekana, hizi za gari zinatumia mawimbi ya redio kwa hiyo hutaona kitu hata kama ni nzima.

Sasa umekwama na mizigo na watoto, usivunje kioo tafadhali! Kwenye rimoti kuna kilachi kidogo, kisukume uchomoe ufunguo wa chuma, fungulia mlango wa dereva, alamu inaweza kulia we usiogope. Ingia, gia iwe P, kanyaga breki, gusisha rimoti upande wenye nembo kwenye batani ya kuwashia, ikilia bii bonyeza batani ndani ya sekunde 10. Inawaka hata kama kibetri kimekufa kabisa, kwa sababu ndani ya rimoti kuna chipu inayopata umeme kutoka kwenye gari.

Umeweka betri mpya na inagoma sehemu moja tu? Angalia kama kuna mnara wa tivii au redio karibu, mawimbi yake yanaingilia ya rimoti, au umeiweka mfuko mmoja na simu. Na nyumbani usiiache pembeni ya tivii, inamaliza betri haraka.

Yote hayo yakishindikana ndo uende kwa fundi wa kuprogramu, ila beba funguo zote mbili, gari nyingine zikiprogramiwa upya ule ulioachwa nyumbani unafutika.