Assassin's Creed Odyssey: jinsi ya kuianza vizuri, kutoka diski hadi Megaris

Gemu hii ilitoka Oktoba 2018, kazi ya studio ya Ubisoft iliyoko Quebec. Inakuweka Ugiriki ya mwaka 431 KK, Vita vya Peloponesi kati ya Athens na Sparta vikianza. Ni kubwa mno. Hadithi kuu peke yake inakula zaidi ya saa 40, na anayetaka kuona kila kisiwa atapita saa 100 bila shida. Wanaoiacha njiani huwa wamekosea mahali pamoja: walikimbia saa za mwanzo wakafika mbele hawana nguvu. Maelezo haya ni ya saa hizo, tangu kuiweka kwenye mashine hadi vita vya Megaris, eneo unalofikia baada ya kisiwa cha kwanza, vikiisha.

Kabla ya kubonyeza chochote

Diski haikuokoi na intaneti. PS4 huinakili gemu nzima kwenye hadi (hard disk) ya ndani, kisha hudai masasisho. Ilipotoka, toleo la kompyuta lilihitaji GB 46, na viraka pamoja na hadithi za ziada vimeiongeza uzito tangu hapo. Acha GB 100 wazi. Sababu ni kwamba PS4 ikisasisha hutengeneza nakala kwanza kabla ya kufuta ya zamani, hivyo mtu mwenye nafasi ya GB 50 tu hukwama na ujumbe wa kukosa nafasi ilhali anaona nafasi ipo.

Piga hesabu ya muda pia. Kwa waya wa nyumbani wa Mbps 10, GB 46 huchukua saa 10 na ushei, laini ikiwa haitumiwi na mtu mwingine. Iwashe usiku, uamke nayo tayari. Kwa bando za simu usijaribu.

Kwa kompyuta, kiwango cha chini ni RAM ya GB 8, prosesa ya Core i5-2400 au FX 6300, na kadi ya GTX 660. Hapo utapata picha ya 720p, fremu 30 kwa sekunde, mipangilio ikiwa chini kabisa. Ukitaka 1080p yenye sura nzuri, tafuta i7-3770 na GTX 970 kwenda juu. Mashine ikikwamakwama, anza na mawingu: mpangilio unaoitwa Volumetric Clouds ndio mla nguvu mkubwa, na ukiushusha hutaona tofauti kubwa angani. Kupunguza ubora wa texture (sura za nje za vitu) na vivuli kufuate baadaye.

Halafu kuna stima. Ikipotea wakati PS4 inaandika kwenye hadi, faili ya maendeleo inaweza kuharibika, na mita ya tokeni haikupi onyo la kutosha. UPS (betri ya akiba) ndogo inayokupa dakika 10 za kuhifadhi na kuzima taratibu inatosha. Gemu hujihifadhi yenyewe, lakini usiitegemee hiyo tu. Fungua menyu uhifadhi kwa mkono kabla ya kila ngome na kila uamuzi mzito. Kwenye kompyuta ni F5 kuhifadhi na F9 kurudi.

Anayechezea kwenye lounge ya mtaa, unakolipa kwa saa, ajue mambo mawili. Kwanza, saa mbili hazimalizi kisiwa cha kwanza. Pili, ukicheza kwa akaunti ya lounge, mteja anayefuata anaweza kuandika juu ya safari yako. Fungua akaunti yako mwenyewe na ubebe flashi: PS4 inaruhusu kunakili maendeleo kwenye USB, ila yatafunguka tu kwa akaunti iliyoyatengeneza.

Maswali ya mwanzo

Utaanza ukiwa Mfalme Leonidas pale Thermopylae, 480 KK, dhidi ya Waajemi. Hili ni darasa lililovaa sura ya vita, basi lisome. Wewe huna ngao ya kubeba katika gemu hii, kwa hiyo kujilinda ni kwa njia mbili. Kwenye PS4, bonyeza L1 na R1 pamoja wakati pigo linafika ili kulirudisha. Pigo lenye mng'ao mwekundu halirudishwi kamwe. Hilo unalikwepa kwa kitufe cha mraba. Ukikwepa dakika ya mwisho kabisa, muda hupungua kasi na unapata nafasi ya kupiga mara kadhaa. Mchezaji anayetoka kwenye gemu za zamani za mfululizo huu huendelea kubonyeza ulinzi tu, na wale wanaume wenye rungu kubwa humlaza chini.

Baada ya hapo utachagua kati ya Alexios na Kassandra. Hadithi ni ile ile, na uamuzi haubadilishwi baadaye. Kassandra ndiye Ubisoft waliyemrudisha katika kisa cha ziada ndani ya gemu iliyofuata, na uigizaji wake una uzito na ucheshi unaobeba saa nyingi. Sisi tunashauri yeye.

Swali jingine watu hulipita bila kusoma: Guided au Exploration. Chagua Exploration. Katika Guided, alama hukuvuta hadi mlangoni. Katika Exploration, mtu anakuambia mahali fulani pako kusini mwa mji, karibu na ufuo, mashariki mwa mlima. Mkazi wa Nairobi ameshazoea maelekezo ya aina hiyo. Hapa hakuna anayekupa namba ya nyumba, unaambiwa shuka petrol station, kata kushoto ukiona kanisa, uliza hapo kwa fundi viatu. Gemu imejengwa kwa mwendo huo. Soma dokezo, fungua ramani, nenda eneo hilo, kisha mrushe Ikaros, tai wako, kwa kitufe cha mshale wa juu, akutafutie shabaha. Ukichoka unaweza kubadilisha kwenye mipangilio wakati wowote, sawa na ugumu wa mapigano.

Kephallonia: usikiharakishe

Kisiwa cha kwanza ni Kephallonia, levo 1 hadi 4 hivi. Wewe ni misthios, yaani askari wa kukodiwa, na Markos, rafiki yako mwenye mikopo isiyoisha, atakuvuta kwenye kazi za kudai madeni na kuiba. Fanya za kwake, lakini fanya na za pembeni zote zenye alama ya mshangao. Si mapambo. Kazi inayofuata ya hadithi kuu inakudai levo, na adui aliyekuzidi levo mbili tatu hukaa kama ukuta: unamchoma mara ishirini, yeye anakumaliza kwa mapigo matatu. Ukiona alama ya fuvu kwa adui, ondoka. Hakuna ustadi wa vidole utakaoziba pengo hilo kwa sasa.

Panda Mlima Ainos hadi juu ya sanamu kubwa ya Zeus. Ni mahali pa kusawazisha ramani, yaani kufungua ramani ya eneo, na baadaye pa kurukia haraka ukitoka mbali, na kule juu visiwa vinatandazika chini yako kama Bonde la Ufa linavyoonekana ukisimama Ngong. Kisha vuka hadi Ithaka, kwenye magofu ya kasri la Odysseus. Kazi ya huko hukupitisha hapo kwa vyovyote, lakini wengi huchukua walichotumwa na kutoka. Tafuta mateka aliyefungwa ndani, umfungue. Mambo yake yanaendelea baadaye.

Kuna pia kijiji cha Kausos, penye homa na makuhani wenye visu. Hifadhi kwa mkono kabla ya kuzungumza na yeyote. Uamuzi wako hapo hauonyeshi madhara mara moja, ila kisiwa kitakukumbuka ukirudi. Waandishi wa gemu hawakuokota wazo hilo hewani: Athens yenyewe ilipigwa na tauni mwaka 430 KK, na Pericles, kiongozi wake, akafa mwaka uliofuata.

Pointi, vyuma na mbao

Kila levo inakupa pointi ya uwezo, na matawi ni matatu: mwindaji kwa upinde, shujaa kwa mapigano ya wazi, muuaji kwa siri. Pointi yako ya mapema iende Second Wind kwenye tawi la shujaa. Afya hairudi yenyewe ukiwa vitani, na huu ndio uponyaji wako, unaolipiwa kwa kipande kimoja cha adrenalini, nishati inayojaa ukipigana. Baada yake ongeza Critical Assassination, kwa sababu pigo la kawaida la siri huwaacha hai makapteni, nao wakipiga kelele ngome nzima inaamka. Teke la Kisparta ni tamu kwenye ukingo wa jabali, lakini kumbuka mali ya marehemu imeanguka naye. Ukijuta kuhusu mgao, unaweza kurudisha pointi zote kwa drakma (pesa za gemu) kidogo, basi jaribu bila hofu.

Kosa linalofilisi watu liko kwa mhunzi. Kupandisha upanga hadi levo yako kunakula mbao, chuma na ngozi nyingi, na saa moja baadaye adui anadondosha upanga mpya wenye levo hiyo hiyo bure. Mwanzoni usipandishe chochote. Silaha za kijivu zisizokufaa zivunjwe upate malighafi badala ya kuuzwa, kwa sababu drakma hupatikana kirahisi kwenye kazi, ilhali mbao na chuma utazililia ukishapata meli. Unapopita na farasi, kusanya kutoka kila mti na jiwe linalong'aa.

Angalia pia takwimu za mavazi. Ukipenda kujificha huku umevaa nguo za kuongeza nguvu ya shujaa, visu vyako vya siri vitakuwa butu, na utadhani gemu inakuonea.

Bahari na Megaris

Baada ya kumpata Barnabas na meli yake Adrestia, unaondoka kisiwani, na hapo ndipo jina la gemu linapojitokeza kwenye skrini. Majini, usizunguke adui ukipiga mishale tu. Mchoshe kwa mishale na mikuki, mgonge ubavuni kwa kasi, na ngao za wapiga makasia ziinuliwe kila anapofyatua. Meli ikishalemaa, ipande badala ya kuizamisha: unapata mali zaidi. Malighafi za kwanza ziende kwenye ubao wa meli.

Megaris fika ukiwa levo 5. Utatumwa kudhoofisha Waathene kwa kuchoma akiba zao, kuvunja hazina na kuua makamanda. Ngome iendee usiku: Ikaros kwanza, awekee alama kila mlinzi, kisha tega mtambo wa moto wa kuitia msaada kabla ya kugusa mtu, ficha maiti vichakani. Kofia zikianza kujaa kwenye skrini, kichwa chako kimewekewa bei na mamluki wanakuja. Usipigane nao katikati ya ngome. Fungua ramani, lipa faini papo hapo, urudi kazini.

Vita vya uwanjani vina mstari unaosogea juu ya skrini. Kuua askari wa kawaida hakuusogezi kwa maana yoyote. Saka makapteni na mashujaa wenye alama, mmoja baada ya mwingine, adrenalini ukiiweka kwa ajili yao. Baadaye, ukiwa huru kuchagua upande, kushambulia ni kugumu zaidi na hulipa vizuri zaidi kuliko kulinda. Ukiwa chini ya levo 10, linda.