Ganzi ya koo au dawa ya kusinzia? Namna ya kuamua kabla ya kipimo cha kamera tumboni

Daktari anapokuandikia kipimo cha kamera ya tumbo, kile ambacho wengi wetu hukiita kumeza mpira, swali linalotangulia mengine yote ni kama utalazwa usingizi. Ni swali la haki kabisa, ila neno usingizi tunalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana, na asiyeyatenganisha huishia kuogopa jambo ambalo hakuna aliyekusudia kumfanyia. La kwanza ni ganzi ya koo: dawa chungu, mara nyingi lidokeini, inayopulizwa nyuma ya ulimi, nawe unabaki macho na akili timamu. La pili ni dawa ya kutuliza, mara nyingi midazolamu, inayodungwa kwenye mshipa kidogo kidogo hadi usinzie; ukiitwa unaitika, unapumua mwenyewe, na baadaye huenda usikumbuke lolote. La tatu ni nusu kaputi, usingizi mzito wa chumba cha upasuaji unaohitaji daktari wa usingizi. Mtu mzima anayekwenda kuchunguzwa tu kwa kawaida huchagua kati ya mawili ya mwanzo. Watoto wadogo wana utaratibu wao, na kwao nusu kaputi hutumika mara nyingi.

Kabla ya kuchagua, ni vyema kujua ugumu wa kipimo uko wapi. Mpira wenyewe una unene wa takribani sentimita 1, na safari yake kutoka kooni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, pamoja na kurudi, huchukua kati ya dakika 5 na 15. Daktari akikata kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara, hutasikia maumivu, kwa sababu ukuta wa ndani wa tumbo hauhisi kukatwa kama ngozi inavyohisi. Mpira hupita kwenye njia ya chakula na kuiacha wazi njia ya hewa. Shida iko kooni, katika zile sekunde chache ambazo mwili unalazimishwa kumeza kitu unachotaka kukitema, na baadaye kidogo tumbo linapojazwa hewa ukabaki unabeua bila kukusudia.

Nimepimwa mara mbili, na mara ya kwanza sikuambiwa kwamba nina hiari. Nilipulizwa dawa, ulimi ukawa kama si wangu, nikapewa kipande cha plastiki chenye tundu nikiume, na mpira ulipogusa koromeo nikakokomoka kwa nguvu kiasi kwamba daktari aliutoa na kuniomba nirudi siku nyingine. Mama yangu mkubwa, mkazi wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, alipimwa akiwa na miaka zaidi ya 70 kwa ganzi peke yake. Aliuliza swali moja tu, “Nitapumua, mwanangu?”, akalala kwa ubavu wa kushoto, muuguzi akamshika bega na kumwambia, “Pumua kwa pua, bibi, taratibu,” na shughuli ikaisha. Tofauti ile haikutokana na ushujaa. Wazee wengi hustahimili vizuri zaidi kwa kuwa koo lao limepungua wepesi wa kushtuka, ilhali vijana na watu wenye hofu kubwa hupata taabu. Kama wewe hushikwa na kichefuchefu kila unapopiga mswaki nyuma ya ulimi, hiyo ni dalili ya kuizingatia na kumweleza daktari.

Muulize daktari, kwanza, atakwenda kufanya nini. Kama ni kuangalia na kuchukua kipimo cha vidonda vya tumbo, ganzi inaweza kutosha. Kama anatarajia kutanua umio uliobana, kufunga mishipa iliyovimba au kuondoa kinyama, kazi itachukua muda na itahitaji utulie, na hapo dawa ya kusinzia ina sababu nzito.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hali ya mwili wako na ukweli utakaousema. Dawa ya kusinzia hupunguza kasi ya pumzi na inaweza kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo mwenye pumu kali, ugonjwa wa moyo, wa mapafu au wa ini, na yule ambaye jamaa zake humsikia akikoroma usiku hadi pumzi zinakatika, lazima aseme mapema. Mwenye selimundu naye aseme, kwani kupungukiwa oksijeni na maji mwilini kunaweza kumwamshia maumivu. Mjamzito na anayenyonyesha waseme. Taja dawa zote unazotumia, hasa za usingizi, za kifafa na za maumivu makali kama tramado, na utaje pombe kama unakunywa, maana hizo hubadilisha nguvu ya dawa utakayodungwa. Mwenye kisukari asifunge kula huku akiendelea na sindano au vidonge vyake kama kawaida bila maelekezo ya daktari. Na aliyewahi kuvimba au kuishiwa nguvu baada ya ganzi ya kung'olewa jino asikubali kupuliziwa dawa kabla ya kulieleza jambo hilo.

Ukweli huo unahusu pia chakula, hata kama umechagua ganzi. Tumbo linapaswa kukaa saa 6 bila chakula, na chai ya maziwa na uji ni chakula. Miadi ikiwa saa 4 asubuhi, mlo wa mwisho usivuke saa 10 alfajiri, na maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 asubuhi. Ukiwa umejisahau ukanywa kikombe kimoja, sema, hata kama umetoka Lushoto kwa gharama kubwa. Koo lililokufa ganzi, na zaidi mtu anayesinzia, hawezi kuzuia matapishi yasiingie mapafuni. Kipimo kikiangukia mwezi wa Ramadhani na si cha dharura, omba tarehe nyingine, au zungumza na imamu wako mapema kuhusu saumu ya siku hiyo.

Kisha tazama mahali utakapopimiwa. Uliza kama kuna oksijeni chumbani, kama utavalishwa kidoleni kile kifaa cha kubana kinachoonyesha oksijeni mwilini, kama kuna mhudumu mwingine asiyeshika mpira ambaye kazi yake ni kukuangalia wewe, na kama dawa ya kuiondoa nguvu midazolamu, yaani flumazenili, iko karibu. Wahudumu wazuri hawachukizwi na maswali haya. Pasipokuwa na oksijeni wala mtu wa kukuangalia, mimi ningechagua ganzi bila kusita. Uliza pia gharama, na kama bima yako inalipia dawa ya kusinzia.

Suala la kurudi nyumbani ndilo hupuuzwa, na kwa watu wa huku linaweza kuamua kila kitu. Aliyepewa ganzi huondoka kwa miguu yake. Husubiri takribani saa moja hadi koo lizinduke, kisha huonja maji ya baridi funda moja kabla ya kugusa chai ya moto. Aliyedungwa dawa ya kusinzia anaweza kujiona mzima huku uamuzi wake bado umelegea, na kwa saa 24 asiendeshe gari, pikipiki wala baiskeli, asipike peke yake kwenye jiko la mkaa, asibaki peke yake na mtoto mchanga, wala asitie saini mkataba. Hata kupakiwa kwenye bodaboda si salama, kwa sababu anaweza kusinzia akaanguka. Mama mkubwa alikuwa na basi la kurudi Pangani na pantoni ya kuvuka jioni ileile, na mjukuu aliyemsindikiza alikuwa na miaka 12. Ganzi ilimfaa kwa sababu hiyo pia. Ukitaka dawa, tafuta mtu mzima wa kukusindikiza na kulala nyumba moja nawe usiku huo.

Kwa asiye na uhakika ipo njia ya katikati, nami naipenda. Jiandae kana kwamba utasinzia, uje na msindikizaji, uombe sindano ya mshipani iwekwe mapema, halafu uanze kwa ganzi. Vua meno ya bandia, legeza mkanda au fundo la kanga, pumua kwa pua, elekeza macho mahali pamoja, na acha mate yachuruzike kwenye taulo badala ya kuyameza. Mkubaliane na daktari kwamba ukiinua mkono, asimame. Ukishindwa, dawa iongezwe palepale.

Mara ya pili nilichagua kusinzia, na mke wangu alikuja nami. Daktari alinieleza majibu nikiwa nimekaa kitini, na nasikia niliitikia kwa kichwa na kumshukuru. Sikumbuki hata neno moja. Jina la dawa, idadi ya siku, tarehe ya kurudi, na onyo kwamba nikitapika damu, nikipata choo cheusi, homa au maumivu makali ya kifua au tumbo nirudi hospitali mara moja, yote niliyasoma jioni nyuma ya kadi, kwa mwandiko wake.