Namna ya Kuifuatilia Safari ya Yuzuru Hanyu kwa Kuanzia Miguuni

Anayetaka kuielewa safari ya Yuzuru Hanyu, bingwa wa Japani wa kuteleza kwenye barafu, asianze kwa kuhesabu medali, bali ajifunze kwanza kutazama miguu. Miruko yote mikubwa ya mchezo huu huanza mchezaji akiwa anateleza kinyumenyume, isipokuwa akseli, ambayo huanza akiwa ameelekea mbele. Na kwa kuwa yote humalizikia kinyumenyume, akseli huwa na nusu mzunguko wa ziada. Ukimwona Hanyu anageuka mbele, anakanyaga kwa mguu wa kushoto na kuurusha wa kulia hewani, hiyo ndiyo akseli. Irudie video polepole hadi jicho lizoee.

Kisha tazama Olimpiki ya Sochi 2014. Katika programu fupi alipata alama 101.45, na hakuna mwanamume aliyewahi kuvuka 100 kabla yake; katika programu ndefu alianguka mara mbili, lakini dhahabu ikawa yake. Wengi huiruka programu hiyo ndefu, nami naona wanakosea, kwani pale ndipo anapoonekana kijana wa miaka 19 ambaye, miaka mitatu tu nyuma, tetemeko la Machi 11, 2011 lilimkuta mazoezini kwao Sendai, akakimbilia nje viatu vya barafu vikiwa bado mguuni.

Ukifika Pyeongchang 2018, kaza macho kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Alikiumiza Novemba 2017 na hakushindana tena hadi siku hiyo, na miruko yake yote hutua kwa mguu huohuo. Alishinda, akawa mwanamume wa kwanza kutetea dhahabu ya Olimpiki tangu Dick Button wa Marekani mwaka 1952.

Alama za kabla na baada ya 2018 usizilinganishe, maana kanuni zilibadilika.

Malizia na Beijing 2022, alipojaribu akseli ya mizunguko minne na nusu. Alianguka, akamaliza wa nne, ila waamuzi waliuandika mruko huo kuwa akseli ya mizunguko minne na nusu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika mashindano. Julai mwaka huohuo aliacha kushindana, na Septemba Ilia Malinin wa Marekani akautua salama. Itazame ya Malinin, kisha rudi kwa Hanyu, usimamishe video pale mguu wa kushoto unapoachana na barafu, uhesabu mizunguko mwenyewe.