Kuuza mnadani eBay ukiwa Unguja au Pemba: makato yao, na mtu kashinda mnada halafu halipi

Assalaam alaykum jamani. Skuizi naulizwa sana habari za kuuza vitu eBay, lile soko la mtandaoni la Marekani, wengi ni dada zetu wenye kofia za viua na khanga za zamani, na wazee wenye stempu walizoziweka kabatini miaka mingi, na maswali yao ni yale yale mawili, wananikata kiasi gani, na huyu aliyeshinda mbona kimya. Naandika yote hapa.

Kabla ya kuweka chochote hakikisha una njia ya kupokea pesa. Wauzaji wa nchi nyingi wanalipwa kupitia Payoneer, kampuni ya kupokelea pesa mtandaoni, kwa hiyo fungua huko na jina liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasi au kitambulisho chako, maana sisi majina yetu yanaandikwa kila namna, Mohammed, Muhamed, Mohamed, na herufi moja tu inatosha kukuzuilia pesa. Ukiwa mgeni pia wanaweza kuzishikilia pesa zako wiki kadhaa mpaka wakuamini, kwa hiyo usianze na pesa ya ada ya shule ya mtoto.

Sasa makato. Yapo ya aina mbili. Ya kwanza ni ada ya kuweka tangazo, na hii mara nyingi hulipi kabisa kwa sababu kila mwezi wanakupa matangazo kadhaa bure. Ya pili ndo yenye kuumiza, kamisheni wanayokata kitu kikishauzika. Watu wengi wanadhani kamisheni inakatwa kwenye bei ya kitu tu, hapana, inakatwa kwenye jumla yote aliyolipa mteja, bei pamoja na pesa ya posta, na kwa mteja wa Marekani hata kodi ya mauzo ya kwao imo ndani ya hesabu. Chukua mfano, umeuza stempu kwa dola 40, na posta umemtoza dola 15, jumla 55. Tuseme kamisheni asilimia 13 na senti 40 juu yake (asilimia inategemea aina ya kitu, iangalie kwanza kwenye ukurasa wao wa ada), basi wanachukua dola 7.55. Ukitoa dola 15 za posta unabaki na 32.45, bado hujatoa makato ya mauzo ya nje ya nchi, ya Payoneer, na ya benki wakati wa kubadilisha kuja shilingi. Yaani aliyenunua kofia kwa fundi kwa dola 30 akaiuza 40 akadhani kapata faida ya 10, huenda kapata hasara, wallahi.

Kwa hiyo nenda posta kwanza, Kijangwani au Shangani au Chake, kitu kikiwa tayari ndani ya bahasha au boksi lake, kipimwe, uambiwe bei ya EMS, yaani ya haraka, na ya rejista. Usikisie. Halafu ndo upange bei ya kuanzia mnada, na iwe ile ambayo hata akijitokeza mtu mmoja tu wa kuweka dau hutolia. Kuna ile bei ya siri ya chini ambayo mnada usipoifikia huuzi, lakini inalipiwa na pesa hairudi hata kitu kisipouzika, mie siipendi, afadhali bei ya kuanzia iwe ya kweli.

Picha nazo zinapunguza wasumbufu. Mtu anauza stempu za zama za Sultani zilizogongwa muhuri wa JAMHURI 1964 baada ya Mapinduzi, anaweka picha moja ya mbali kaipiga usiku. Zile stempu zina mihuri ya kughushi mingi, wakusanyaji wanajua, kwa hiyo piga mchana karibu na dirisha, muhuri uonekane wino wake, meno ya pembeni yahesabike, na mgongo ugeuze waone gundi. Asiyeona vizuri ndo anaweka dau kwa kubahatisha halafu anaghairi. Vitu vya kale khasa kaulize kwanza watu wa makumbusho kama vinaruhusiwa kutoka nchini, na gamba la kasa au pembe za ndovu usiguse kabisa, ni haramu kwa sheria na eBay wenyewe hawataki.

Na saa ya kumaliza mnada. Wanunuzi wengi wako Marekani, ukitaka umalizike Jumapili usiku wao wako nyumbani, saa tatu usiku New York, basi kwetu ni Jumatatu saa kumi alfajiri, au saa kumi na moja wakati wa baridi yao.

Haya, mnada umeisha, mtu kashinda, halipi. Hii sio mnada wa samaki Darajani ambapo aliyetaja bei yuko mbele yako na kila mtu anamjua. Mnunuzi anapewa siku 4 za kulipa. Siku ya kwanza mtumie ankara na maneno mawili ya adabu, mwengine kweli kasahau au anasubiri uunganishe posta ya vitu viwili. Usimtukane. Usitume mzigo. Akikuletea barua pepe kuwa pesa tayari zimelipwa ila zitaachiwa ukishatuma namba ya mzigo, huo ni wizi mtupu, pesa ya kweli inaonekana ndani ya akaunti yako ya eBay ukiingia mwenyewe, sio kwenye barua pepe. Vivyo hivyo anaesema kazidisha malipo umrudishie chenji.

Siku 4 zikipita ndo unafuta oda, na hapa nisikilizeni vizuri maana hapa ndo watu wanapopoteza pesa zao. Unapofuta unaulizwa sababu. Chagua ile inayosema mnunuzi hajalipa. Ukichagua hivyo kamisheni unarudishiwa na yeye anaandikiwa kosa. Ukichagua kwamba kitu kimeisha au kimeharibika, kwa huruma tu au kwa kutoelewa, alama mbaya inakuja kwako wewe muuzaji, na zikizidi akaunti inabanwa. Ukichagua kwamba mnunuzi kaomba kufuta, yeye anatoka msafi anakwenda kumsumbua mwengine. Na usikae miezi hujafuta, kuna muda wa mwisho. Kwenye mipangilio ipo sehemu ya kuiambia eBay ifute wenyewe zile ambazo hazijalipwa, iwashe, itakusaidia ukiwa shamba huna mtandao.

Kumpa alama mbaya hayo usijisumbue, tangu 2008 muuzaji hawezi kumpa mnunuzi ila alama nzuri. Unachoweza ni kumzuia, jina lake litie kwenye orodha yako, na kwenye masharti ya wanunuzi weka kwamba walioandikiwa kosa la kutolipa zaidi ya mara moja wasiweze kuweka dau kwako.

Ukishafuta usikimbilie kuanza mnada upya. Angalia nani alikuwa wa pili, kuna kitufe cha kumpelekea ofa ya pili kwa dau lake mwenyewe, huna ada ya tangazo, kamisheni tu akilipa. Lakini kama dau la wa pili limepishana sana na la kwanza, au yule wa kwanza alikuwa akipandisha peke yake dakika za mwisho, weka upya kwa bei ya moja kwa moja na ulazimishe malipo papo hapo, hapo kitu hakihesabiki kimeuzwa mpaka pesa iingie.