Ndege Adimu wa Kilifi, Kaskazi na Kusi
Ukija kwetu Kilifi, pwani ya Kenya, kutafuta ndege, uliza kwanza msimu, halafu maji.

Wakati wa kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, nenda hori ya Mida, karibu na Watamu. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wako mbali sana matopeni. Mimi huingia penye mikoko maji yanapoanza kujaa, nikatulia kimya. Maji yenyewe huwasukuma mpaka karibu, na hapo utamwona yule mla kaa (crab plover): mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kama patasi. Nimemwangalia miaka mingi na bado moyo hunidunda.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishaingia, nenda mlangoni mwa mto Sabaki, karibu na Malindi. Kati ya Aprili na Septemba huja ndege wageni wa kahawia kutoka Madagaska (Madagascar pratincole), hutua mchangani kwa makundi.

Bundi wa Sokoke yupo mwaka mzima, msituni Arabuko-Sokoke, upande wa udongo mwekundu. Ana sentimita 16 hivi tu. Mchana hulala wawili wawili, bega kwa bega, ndani ya kichaka kizito. Peke yako hutamwona. Chukua kiongozi wa msitu, nong'ona, na tafadhali usimmulike kwa flashi.