Kabla hujameza kidonge cha upara

Wanaume wanaoulizia dawa ya upara dirishani kwangu hunong'ona kuliko wanaonunua kondomu. Paza sauti tu, kaka, maana na mimi nina maswali.

Cheti kiko wapi? Finasteride, ndiyo kidonge chenyewe cha upara, ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na siringi nikikurudisha. Anatakiwa aangalie kama nywele zinakimbia kwenye paji na utosini kama za baba yako, au ni fangasi za mashine ya saluni, au upungufu wa damu. Hayo mengine kidonge hiki hakiyagusi. Kama umewahi kuugua sonona, mwambie bila aibu. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza kadi ya tahadhari kwa watumiaji, kwa sababu ya huzuni, mawazo ya kujiua na matatizo ya tendo la ndoa. Huzuni ikikuingia, acha kidonge na umwone daktari upesi. Hamu ikipungua, au ukihisi uvimbe kwenye titi, rudi kwake pia. Wapo ambao nguvu hazikurejea hata baada ya kuacha.

Sasa wale wa wembe. Dozi ya nywele ni miligramu 1 kwa siku. Ya tezi dume ni miligramu 5, dawa ile ile, basi mtu ananunua hiyo na kuikata vipande vinne juu ya meza ya kulia chakula. Kimoja kinakuwa kikubwa, kingine unga mtupu. Tatizo langu kubwa ni huo unga: kidonge kizima kina utando, kilichovunjika hakina, na mke mjamzito akikishika kinaweza kuharibu maumbile ya siri ya mtoto wa kiume tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo usichangie damu mpaka upite mwezi tangu kidonge cha mwisho.

Matokeo ni miezi 3 hadi 6, na ukiacha, ulichopata kinaondoka ndani ya mwaka. Ukienda kupima PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, sema unatumia: hushusha kipimo karibu nusu, na saratani inaweza kujificha humo.

Usiyetaka kumeza, kuna minoxidil ya kupaka. Nawa mikono ukimaliza, na paka wa nyumbani asikulambe kichwa wala kulalia mto wako. Kwake ni sumu ya kuua.